Hesabu ya Mtu Mmoja

Marehemu baba yangu alipofariki tuligawana vitu vyake kama ilivyo ada. Ndugu zangu walichukua saa ya ukutani, baiskeli na kitanda cha kamba. Mimi nikaomba daftari. Walinicheka, wakasema huyu amezoea makaratasi ya ofisini hata kwenye urithi anatafuta makaratasi.

Ni daftari la kawaida, jalada limetoka, na pembeni limeliwa na mende. Maandishi yake ni ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwani baba hakupata kusoma skuli. Alisoma chuoni tu, kule Kwale alikozaliwa. Humo aliandika, tangu miaka ya 1950, siku alizopata kazi bandarini Mombasa, fedha alizolipwa, na namna zilivyotoka mkononi mwake. Kodi ya chumba Majengo. Unga. Mchele wa Ijumaa. Mafuta ya taa. Mkeka. Dawa ya mtoto. Mtoto huyo aghalabu alikuwa mimi.

Kwa miaka mingi daftari hili lilikaa kabatini bila ya kufunguliwa. Nimelisoma nikiwa mzee mstaafu, baada ya kuitumikia kazi ya ukarani wa mishahara kwa zaidi ya miaka 25. Na nilipolisoma lilinirudisha kwenye jambo nililolifanya mwaka 1978, jambo ambalo siku ile nililiona ni la kujivunia.

Mwaka huo mwajiri wangu, mwenye ghala la bidhaa mjini, aliniita akaniambia: “Wapakizi wanalalamika. Nifanyie hesabu, mtu anahitaji kiasi gani hasa kwa mwezi.” Nikaifanya hesabu kwa bidii zote. Nilikwenda sokoni na dukani kwa Mhindi, nikaandika bei ya unga, maharagwe, sukari, majani ya chai, mkaa na sabuni. Nikaweka sehemu ya kodi kwa mtu anayelala chumba kimoja na wenziwe watatu. Nikaweka suruali mbili kwa mwaka na viatu pea moja. Jumla ikazidi kidogo tu kima cha chini kilichowekwa na sheria. Mwajiri alifurahi mno. Akaongeza hicho kidogo, na mimi akanipa mkono.

Nikatumwa kuwasomea wapakizi. Walisikiliza kimya. Nilipomaliza, mzee mmoja miongoni mwao aliuliza: “Karani, katika hesabu hii mke wangu yuko wapi?” Nami, kwa ujana na kwa kutaka kuwachekesha, nikamjibu: “Mke wako hajaajiriwa hapa.” Wenziwe walicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka uliofuata mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili, tukawa tunatafuta msichana wa kutusaidia nyumbani. Mzee yule akasikia. Akaja mlangoni na binti yake wa miaka 13, akaniambia kwa heshima zote kuwa skuli imemshinda kuilipia, na afadhali binti akae kwa watu anaowajua. Nikampokea. Tukampa chakula, mahali pa kulala, na fedha kidogo alizokuwa akija kuzichukua baba yake kila mwisho wa mwezi. Skuli hakurudi tena.

Sisemi kwamba mimi peke yangu ndiye niliyemtoa binti yule darasani. Lakini ile hesabu niliyoiandika kwa mwandiko mzuri ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake, na binti yule alikuwa miongoni mwa watu niliowaacha nje.

Baadaye nikajiuliza: hesabu ile niliitoa wapi? Hakuna aliyeniambia nimhesabu mtu mmoja. Nilidhani ndivyo mambo yalivyo. Kumbe nilikuwa nimeirithi, na ina historia yake.

Hebu tulitazame kwanza neno lenyewe, kibarua. Ni barua ndogo, kikaratasi. Katika karne ya 19 hapa pwani na Unguja, vibarua wengi walikuwa watumwa waliotolewa na mabwana zao kwenda kufanya kazi ya kutwa kwa watu wengine. Ujira ulikuwa wa mikono miwili: sehemu ilikwenda kwa bwana, sehemu ikabaki kwa mfanya kazi ajilishe. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Watumwa wakaondoka katika vitabu vya sheria, lakini neno likabaki, na pamoja na neno ikabaki fikra kwamba mtu wa kazi ya kutwa hulipwa cha kumrudisha kazini kesho. Mengine si shauri la anayemlipa.

Serikali ya kikoloni iliichukua fikra hii ikaivika nguo mpya. Ilisema Mwafrika wa mjini ni mpita njia. Nyumbani kwake ni kijijini, ambako mkewe analima na wanawe wanakula mihogo na mahindi ya shamba. Kwa hiyo mjini alipwe kama kapera: chakula chake, pahala pake pa kulala, nguo zake. Kima cha chini cha mshahara kilipoanza kuwekwa kwa sheria, kipimo chake kilikuwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke. Hakuna aliyeuliza kama kweli hana mke.

Ukiitazama vizuri hesabu hii utaona ajabu yake. Mwanamke aliyelima shamba kule Kwale au Ukambani au Nyanza alikuwa akimlipia mwajiri wa Mombasa sehemu ya mshahara wa mumewe, naye hakuwahi kumwona mwajiri huyo wala kupewa shukrani. Alimlea mtoto mpaka akawa kijana wa kubeba magunia. Mgonjwa aliporudi kijijini alimuuguza, na mzee aliyechoka alimlisha mpaka kufa kwake. Gharama zote hizo zilikuwa za kweli, na kwa kuwa hazikuandikwa katika kitabu cha mwajiri, kazi ikaonekana ni rahisi.

Vibarua wenyewe hawakunyamaza. Mwaka 1939 waligoma Mombasa, na malalamiko ya makazi na kodi za vyumba yakawa miongoni mwa yaliyosikika zaidi. Kisha vikaja vita vikuu, bei zikapanda. Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ukasimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, hata watumishi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Baba alikuwa mmoja wao. Alizoea kutuambia kwamba zile siku 12 hivi ndizo pekee maishani mwake alizoziona meli zikiwasubiri watu.

Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwashauri warudi kazini, nao wakarudi. Likaundwa baraza la kusuluhisha chini ya Jaji Ransley Thacker, ambaye miaka michache baadaye alimhukumu Jomo Kenyatta huko Kapenguria, na mishahara ya baadhi ya waajiriwa ikaongezwa. Lakini kiongozi wao, Chege Kibachia wa African Workers' Federation, alikamatwa mwezi Agosti 1947, akazuiliwa Baringo kwa muda wa miaka 10 hivi. Alikuwa amesimama akadai watu walipwe wanachostahili, na hiyo ndiyo bei aliyoilipa.

Mwaka 1954 ikatokea ripoti ambayo natamani ningeisoma kabla ya kwenda sokoni na kalamu yangu. Ni ripoti ya Kamati ya Mishahara ya Waafrika, chini ya uenyekiti wa F. W. Carpenter. Kamati hiyo iliundwa na serikali, wala haikuwa ya wagomaji. Ilikuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa utumishi wa umma, walikuwa wakipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya, staha na nguvu za kufanyia kazi. Ikasema waziwazi kuwa kipimo cha kapera kimekosea, kwamba mfanyakazi hatatulia kazini wala hatajifunza ufundi akiwa moyo wake uko kijijini, na kwamba kima cha chini kipandishwe hatua kwa hatua, kwa miaka 10, mpaka kifikie mara mbili na nusu ya kile cha kapera, ili kimtoshe mtu na jamaa yake. Serikali ilipokea sehemu ya mapendekezo hayo. Ikatenga kiwango cha vijana na kiwango cha watu wazima wenye umri wa miaka 21 na zaidi. Jamaa, walakini, iliendelea kusubiri.

Mwaka uliofuata, mwezi Machi 1955, makuli wa Mombasa waligoma tena. Tom Mboya akaja kutoka Nairobi akasaidia kuleta mapatano, na usuluhishi uliofuata ukawapa nyongeza ya asilimia 33. Katika daftari la baba nyongeza hiyo inaonekana kwa njia yake. Hakuiandika kama habari. Ila baada ya hapo samaki wanaonekana mara nyingi zaidi.

Basi haki yenyewe ipimwe vipi? Tumefundishwa chuoni kwamba mfanya kazi alipwe ujira wake kabla jasho halijamkauka. Ndugu zetu Wakristo nao wamefundishwa kuwa mtenda kazi anastahili ujira wake. Mafundisho haya ni makubwa, na laiti yangefuatwa. Lakini moja linatuambia ni lini, na jingine linatuambia kwamba ni haki. Kiasi gani, tumeachiwa sisi tukae tufikiri.

Mwaka ule ule wa 1907, hali ya utumwa ilipofutwa hapa pwani, jaji mmoja wa Australia, H. B. Higgins, aliletewa swali hilo katika kesi ya kiwanda cha mashine za kuvunia. Sheria ilimtaka aseme mshahara upi ni wa haki, nayo haikumwambia haki ni nini. Hakuanza kwa kuuliza mwenye kiwanda anaweza kulipa kiasi gani, wala watu walio tayari kukubali kidogo wako wangapi nje ya lango. Alisema mshahara wa haki ni ule unaotosha mahitaji ya kawaida ya mfanya kazi akihesabiwa kuwa ni binadamu anayeishi katika nchi iliyostaarabika. Akasikiliza ushahidi wa matumizi ya majumbani, kodi, mikate, nyama na kuni, kisha akaweka shilingi 7 kwa siku, yaani shilingi 42 kwa juma, kwa mtu, mkewe na watoto watatu. Sheria aliyoitumia ilibatilishwa mwaka 1908, lakini kipimo chake kiliendelea kuongoza mishahara ya nchi ile kwa miaka mingi.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliona nimepata jawabu. Nilipoisoma tena nikaona tobo lake. Kwa kuwa mwanamume alihesabiwa kuwa ndiye anayelisha wote, mwanamke aliyefanya kazi alihesabiwa hana wa kulisha, akawa analipwa zaidi kidogo tu ya nusu. Mjane mwenye watoto wanne alikuwa kapera katika kitabu chao. Na kapera halisi asiye na mtoto akalipwa kama baba wa watatu. Kumbe hata ukiitanua hesabu unaweza ukawaacha watu nje, ukiwa umeamua tangu mwanzo nyumba ya mtu inafanana vipi.

Siku hizi wako wataalamu waliojaribu kuliziba tobo hilo. Njia inayotumiwa sana, iliyotengenezwa na Richard na Martha Anker, inauliza familia ya kawaida ya mahali fulani inahitaji kiasi gani kwa chakula chenye afya cha bei nafuu, nyumba ya staha na mahitaji mengine kama skuli na matibabu, pamoja na akiba kidogo ya dharura. Jumla hiyo inagawanywa kwa idadi ya wanaofanya kazi katika nyumba ya kawaida, wawe wanaume au wanawake. Mwaka 2024 hata Shirika la Kazi Duniani lilikubaliana juu ya maana ya mshahara wa kumtosha mtu na familia yake, na kwamba uangalie mahitaji yao pamoja na hali ya uchumi wa nchi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Maneno yapo. Kazi iliyobaki ni hesabu.

Najua msomaji mwenye duka ama shamba ananitazama kwa jicho kali. Atasema: ukinilazimisha kulipa nisichonacho nitapunguza watu, na aliyekuwa akipata kidogo atakosa kabisa. Hoja hii si ya kupuuzwa. Jirani zetu wa Tanganyika waliweka kima cha chini cha nchi nzima baada ya kamati ya Chesworth ya mwaka 1962, shilingi 150 kwa mwezi kwa Dar es Salaam. Waliobaki kazini walinufaika kweli. Lakini katika mashamba ya mkonge wenye mali walitaka kazi zaidi kwa kila mtu, wakaajiri wachache. Kisha bei ya mkonge ikaanguka duniani baada ya 1964, na wengi wakarudi makwao. Kipi kilichosababisha zaidi, mshahara au bei, watu wamebishana. Funzo ninalolichukua mimi ni kwamba mshahara usipandishwe kwa kufumba macho, na pia usizuiliwe kwa kufumba macho.

Ndipo nimefikia mambo machache ambayo nayaamini. Kwanza, hesabu ianze na wanaokula, isianze na anayelipa. Uwezo wa anayelipa uje baadaye, na uje kwa vitabu vilivyofunguliwa, kwani nimekaa ofisini miaka mingi na najua umaskini wa mwajiri hupanda sana wakati wa mazungumzo. Pili, wahesabiwe siku na si kiwango tu. Katika daftari la baba kuna mwezi wa siku 19 za kazi na kuna mwezi wa siku 7. Ujira wa kutwa ulikuwa ule ule, tumbo lilikuwa lile lile. Ujira wa siku ukipangwa bila kujua siku ni ngapi, umepangwa nusu. Tatu, bei zikibadilika mshahara ubadilike kwa utaratibu unaojulikana, isiwe zawadi ya kutangazwa jukwaani Mei Mosi. Nne, anayehusika awepo anapohesabiwa. Mimi nilikwenda sokoni peke yangu. Laiti ningekwenda na mke wa yule mzee, angenionyesha bei nisizozijua.

Na la tano ndilo alilonifunza baba bila ya kusema. Katika daftari, kwenye ile miezi ya siku chache, kuna mstari unaojirudia: “kwa mama watoto”, na kiasi. Nilidhani ni fedha alizompa mama. Nikazisoma vizuri nikaona ni kinyume. Ni fedha alizozichukua kwake. Mama alikaanga vitumbua alfajiri akauza kibarazani, na kile kijungu chake ndicho kilichokuwa kikijaza pengo la bandari. Baba aliziandika kama deni. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa deni limelipwa, na sidhani kama lingeweza kulipwa. Lakini aliliandika. Hakujidanganya kwamba mshahara wake ulitosha.

Leo nina watu wawili ninaowalipa: mlinzi wa usiku tunayeshirikiana naye nyumba tatu, na mama mmoja anayetusaidia kufua na kupika. Kila mwezi Januari nakaa nao mmoja mmoja na daftari. Mara ya kwanza walinitazama kwa wasiwasi, wakidhani nataka kuwafukuza. Nikauliza: nyumbani mnakula wangapi? Wanaosoma ni wangapi? Kodi ni kiasi gani, maji je? Mama yule alinijibu mwisho: “Mzee, tangu nianze kazi za watu hakuna aliyeniuliza haya.” Tunajumlisha pamoja. Kisha naandika ninachoweza kulipa, ambacho ni zaidi ya kima cha sheria, na bado ni chini ya jumla yetu. Pensheni yangu ndivyo ilivyo.

Zamani ningeipunguza ile jumla mpaka ilingane na mfuko wangu, nikaiita haki, nikalala usingizi. Ndivyo nilivyofanya mwaka 1978. Sasa naziandika zote mbili, juu na chini, na tofauti yake pembeni, na aliye mbele yangu anaiona. Sijui kama inamsaidia kununua unga. Haimsaidii. Lakini nyongeza inapopatikana sote wawili tunajua inakwenda wapi, na hakuna atakayeniuliza tena mkewe au mumewe au mwanawe yuko wapi katika hesabu. Wamo, hata kama sijawafikia.